Siku tumbo la Shing'weng'we lilipogoma kufunguka

Mpaka leo kuna watu wakipita kibarazani kwangu hapa Kisesa wanauliza, "Mama Kulwa, lile dude limeishia wapi?" Dude lenyewe ni Shing'weng'we, zimwi la hadithi zetu za Kisukuma, nililolishona kwa magunia kwa ajili ya siku moja ya ngoma. Nawajibu kwamba kimebaki kichwa tu, nimekitundika juu ya cherehani. Wengine wanacheka. Wale waliokuwepo siku yenyewe hawacheki.

Nimeona niandike mwenyewe, maana habari ilivyozunguka kwenye simu sivyo ilivyokuwa. Video iliyosambaa haifiki hata dakika moja. Inaonyesha watu wanakimbia, chatu yuko chini peke yake, mbuzi wamekata kamba, na mimi napita katikati na mkasi mkononi kama mtu aliyepagawa. Haionyeshi kilichotangulia wala kilichofuata.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na maturubai ya magari, na dagaa wakikolea napata kazi ya nyavu kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Mwezi wa nne alinijia mzee mmoja wa familia ya watemi. Kwao ni upande wa Magu, kijiji kinachotazamana na ziwa. Nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, ndipo akaleta lake.

Walitaka kufanya siku ya mambo ya kale ndani ya ikulu ya babu yao. Utemi ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini boma bado lipo: nyumba kubwa ya mawe, ua wa minyaa uliokomaa hadi umekuwa kama ukuta, mkuyu katikati, na nyuma yake mawe makubwa yaliyopandana kama yalivyo mawe yetu ya Mwanza. Nyumba ya ngoma za mtemi wameijenga upya kwa umbo la msonge. Siku hiyo kungekuwa na mnada, lakini mnada wa zamani: vyungu, vibuyu, nyungo, mikeka, viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, uji wa uwele, samaki wa kubanika. Spika marufuku. Plastiki marufuku, hata ndoo. Wauzaji wavae kaniki. Na mchana, ngoma.

Kwa asiyejua, Usukumani ngoma ni mashindano, na mashindano yenyewe hayana jaji mwenye karatasi. Kuna Bagika na kuna Bagalu, pande mbili zinazotajwa kuanzia kwa waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na duara lake, na watazamaji wanahama watakavyo. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kila upande unakuja na chochote kinachovuta macho: Bayeye na chatu wao, vijana wa bugobogobo wanaorusha majembe juu na kuyadaka, sanamu za miti zinazotikisa mikono. Mwezi wa sita, kwenye Bulabo, tamasha letu la ngoma pale Bujora, kituo cha utamaduni hapa Kisesa, nimeona mara nyingi umati mzima ukivuka uwanja mbio kwa sababu upande wa pili ametolewa chatu mnene zaidi. Bulabo inafuatana na sikukuu ya Ekaristi. Padre David Clement, Mkanada aliyeanzisha Bujora miaka ya 1950 na kujenga kanisa lenye umbo la msonge, alikubali ngoma ikae karibu na altare, na sisi tuliozaliwa Kisesa tumekua tukiona hivyo ndivyo dunia ilivyo.

"Shida yetu ni moja," mzee akasema. "Ngoma zikiisha, kila upande unajisifu kivyake, watu wanaondoka wamegawanyika. Tunataka jioni wote wawe sehemu moja. Tutengenezee Shing'weng'we."

Nikakubali kabla hata hatujataja bei.

Hadithi ya Shing'weng'we nilipewa na bibi mzaa mama, tukipukuchua mahindi. Zimwi lilikuja likameza watu wote, na ng'ombe, na mbwa, na kuku. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Hapo bibi alikuwa anasimama, anatukumbusha makapi yanavyowasha, na kwamba mwanamke yule hakuweza kujikuna wala kukohoa. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Masala ni akili, kulangwa ni kufundishwa. Mtoto alipokua akauliza: mama, mbona tuko wawili tu, wenzetu wako wapi? Mama akamwambia. Basi akaingia porini. Akarudi na panzi: mama, nimemuua Shing'weng'we! Hapana mwanangu, huyo ni panzi. Akarudi na ndege. Hapana mwanangu. Akarudi na swala. Hapana. Bibi aliweza kuliendesha hilo usiku mzima, kila mnyama na sauti yake, mpaka siku mtoto alipokutana na mwenyewe, akamuua, akampasua tumbo, watu wakatoka.

Hapo ndipo wengi siku hizi wanapomalizia. Bibi yangu hakumalizia hapo. Masala alipokuwa anapasua, kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwa tumboni. Kikongwe akakasirika, akataka kumroga. Masala ikabidi aitafute dawa, amponye sikio, ndipo mambo yakatulia naye akafanywa mtemi. Nikiwa mtoto nilimchukia sana kikongwe yule. Umetolewa tumboni mwa zimwi, halafu unalalamikia sikio? Nikamwambia bibi hivyo hivyo. Bibi akaendelea kupukuchua, kisha akasema, "Sikio lilikuwa lake."

Sasa, kazi. Sikuwahi kushona kitu cha namna hiyo. Mpwa wangu mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala Igoma akanitafutia kwenye simu watu wa mbali wanaotengeneza madude ya sherehe, na tukamkuta mmoja ambaye sikuacha kumtazama hadi bando likaisha. Anaitwa Tarasque, wa mji wa Tarascon, kusini mwa Ufaransa, ukingoni mwa mto Rhône. Pale mtoni pana ngome ya mawe ya karne ya 15, kuta zake zimenyooka juu kama jabali. Mfalme René ndiye anayetajwa kuianzisha sherehe ya Tarasque, mwaka 1474, na hadi leo mwezi wa sita watu wanavaa mavazi ya zama zile na lile dude linapitishwa mitaani: kichwa kama cha simba, gamba la miiba mgongoni kama la kobe, miguu sita, magurudumu chini, wanaume ndani wanalisukuma. Zamani mkia wake ulikuwa boriti ndefu. Waliokuwa ndani waliuzungusha kwenye umati kwa makusudi, watu wakaangushwa, wengine wakavunjika mikono na miguu, na sherehe ikaendelea.

Wanasema mnyama huyo alikuwa akikaa mtoni, anazamisha mitumbwi na kula wapitanjia. Mtakatifu Martha akaenda kwake na msalaba na maji ya baraka, akamtuliza, akamfunga kwa mshipi wa kiunoni mwake, akamleta mjini anafuata kama kondoo. Wenyeji wakamuua hapo hapo, ingawa alikuwa ameshatulia. Hilo lilinikaa moyoni siku kadhaa. Na kuna kingine. Kwenye nembo ya mji ule kuna ngome, na chini ya ngome yuko Tarasque anammeza mtu, miguu inaning'inia nje ya kinywa. Nikajiuliza: yule mtu alitoka? Kwa kadiri nilivyoifuata ile hadithi, hakutoka. Kwao aliyemezwa amemezwa, kinachobaki ni kumzuia mnyama asimeze wengine. Kwetu hadithi yote iko tumboni. Ukimtengeneza Shing'weng'we asiye na watu ndani, umetengeneza kinyago tu.

Kwa hiyo nikaanza na tumbo. Nilitumia magunia ya katani, kumi na manane, nikayachovya kwenye tope jeusi la mbugani na kuyaanika hadi yakashika rangi ya kifaru. Ndani nikatandika wavu chakavu wa dagaa ili watoto wapate pa kushika na wasikwaruzwe na fito. Mifupa ni mianzi. Kichwa alikichonga fundi wa mitumbwi kutoka mbao za mtumbwi uliokwisha kazi, unaona bado alama za misumari, na macho ni vioo viwili vya karabai kutoka kwa wavuvi. Taya linafunguka kwa kamba. Jumla hatua kumi na nne kutoka pua hadi mkia. Ndani wanaume sita, vijana wa mwaloni, maana nilitaka watu waliozoea kuvuta kitu kizito kwa mwendo mmoja.

Ubavuni niliacha mpasuko wa urefu wa mtu mzima, nikaufunga kwa bandi. Ukivuta uzi mwisho mmoja, mshono wote unafumuka kwa mkupuo. Nilijaribu mara kumi uani kwangu, ukafumuka mara kumi. Masala wetu, mtoto wa miaka kumi na moja, angevuta uzi huku anajifanya anapasua kwa kisu cha mti, na watoto saba wangetoka wakicheza. Pacha wangu, Kulwa na Doto, walikuwa miongoni mwa hao saba.

Ya asubuhi nayapita haraka, ingawa palipendeza. Harufu ya samaki, moshi wa kuni, wazee wamekaa kwenye wigashe, ngoma ya kukaa, wanaimba taratibu, ziwa limetulia kule chini. Saa tisa Bagika na Bagalu wakaanza. Saa kumi na moja tukatokea nyuma ya mawe.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Kelele za ngoma zilikatika upande mmoja, kisha upande wa pili, si kwa amri, wapigaji wenyewe walisahau mikono yao. Umati wa Bagika ukageuka, umati wa Bagalu ukageuka, na kwa mara ya kwanza mchana ule wote wakawa wanatazama kitu kimoja. Vijana walimtembeza vizuri mno. Alikuwa anasimama, ananusa, anageuza kichwa, jua la jioni linapiga kwenye vioo vya karabai. Alimmeza mtoto wa kwanza, watu wakapiga yowe la furaha. Akameza wa pili, wa tatu. Kulwa aliingia ameshika mkono wa Doto. Wa saba alipoingia, taya likafungwa, na Masala akatoka chini ya mkuyu na kisu chake. Akavuta uzi.

Haukutoka.

Akavuta tena. Akauzungushia mkononi akavuta kwa uzito wake wote, na gunia likaja naye, lakini mshono ukakaa. Nilikuwa nimesimama mbali, kule kwa wauza vyungu, na nilijua palepale kwa jinsi kitambaa kilivyojikunja kwamba kuna mtu amefunga fundo.

Ndani kulikuwa na joto na vumbi la katani. Mtoto mmoja akaanza kulia, kilio cha kweli. Watu wanajua tofauti. Mama yake akapaza sauti, "Mwanangu! Mwanangu yuko ndani!" akakimbilia, mama wa pili akafuata. Waliokuwa nyuma hawakuona mshono wala uzi. Waliona dude linayumba, akina mama wanapiga mayowe, na watoto walioingia hawatoki. Wengi wa vijana waliokuwepo hadithi hawajawahi kuisikia, hawakujua kwamba kuna kutoka. Wakakimbia. Mmoja wa Bayeye akamtua chatu ili akamchukue mwanawe. Mbuzi wakaingia kwenye mikeka. Umati ule tulioukusanya kwa shida ukamwagika kwenye milango yote ya ua wa minyaa.

Mimi nilikimbia kinyume nao na mkasi. Njiani mguu wangu ukapiga kitu, nikasikia kikipasuka, sikugeuka. Nikafika, nikakata kuanzia juu hadi chini, na wavu pia nikaukata, nikaanza kuhesabu: mmoja, wawili, watatu. Doto alikuwa wa tano. Kulwa wa saba, na hakuwa analia, alikuwa amefumba macho tu, kashika wavu, ikabidi nimbandue kidole kimoja kimoja. Hakuna aliyeumia. Masala wetu alikuwa bado amesimama na uzi mkononi, machozi yanamtoka, akidhani ni kosa lake.

Halikuwa lake. Usiku kabla ya shughuli, kijana mmoja kati ya wale sita alikuwa anakagua dude kwa nia njema kabisa. Akaona mshono wangu umelegea. Kwenye ziwa mshono unaofumuka ni hasara ya usiku mzima, dagaa wote wanarudi majini. Basi akaukaza, akapiga fundo la wavuvi kila baada ya shubiri. Alikuja mwenyewe kuniambia, hakungoja kuulizwa. Mimi niliwafundisha wale vijana kutembea, kunusa, kugeuka. Sikuwaambia kwa nini ule uzi ni dhaifu. Kwa hiyo hilo liko kwangu, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake.

Nikarudi pale nilipopiga teke. Bibi mmoja amekaa chini, miguu ameinyoosha, mbele yake chungu vipande vitatu na uji wa uwele unazama mchangani. Nikapiga magoti. Nilianza kueleza habari za mshono na watoto. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Wote wametoka?" Nikamwambia wote saba. "Haya. Basi leo mimi ndiye bibi wa sikio."

Nilinyamaza. Zilinijia kelele za mahindi yakipukuchuliwa.

Nikatoa shilingi elfu ishirini. Akazipokea, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Hii ni ya uji," akasema. "Ya chungu tutaongea."

Chungu kilikuwa cha mama yake. Alikuja nacho alipoolewa. Wiki moja baadaye nilimpelekea kingine, kipya, kikubwa kuliko kile. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaniambia kimechomwa haraka, nikiweke pale pembeni atawekea maji ya kuku. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasema kweli kuhusu chungu. Nikakaa kwenye kigoda sijui la kufanya, na yeye akawa anapepeta mchele, hadi akauliza, "Lile tumbo liko wapi?"

Nikamwambia liko nyumbani, limekatika, nilitaka kulichoma.

"Usichome. Lishone. Panya wanamaliza mpunga wangu, magunia ya siku hizi wanayatoboa kwa usiku mmoja. Katani yako ile niliishika, ni nzito. Nishonee gunia moja kubwa, mara mbili, ndani na nje."

Kazi hiyo ilinichukua siku nne. Niliufumua ule mpasuko, vile vifundo vya mvuvi nikavitoa kimoja kimoja kwa sindano, nikakunja tumbo mara mbili na kulishona kwa uzi wa maturubai. Nilimpelekea mwezi wa saba, mpunga ulipokuwa umeshakauka. Pacha nilikwenda nao. Kulwa tangu siku ile alikuwa halali chumba chenye kichwa cha Shing'weng'we, ndiyo maana kikahamia juu ya cherehani, na usiku nakifunika kanga. Alipoliona gunia alilijua hapo hapo. Akasimama mlangoni.

Bibi hakumbembeleza. Akamwita tu kama mtu anayetaka msaada, "Njoo unishikie mdomo, mikono yangu haifiki." Kulwa akaja, akashika ukingo wa gunia kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia pembeni. Tukaanza kumimina. Debe la kwanza, la pili. Makapi yakatuingia shingoni, Doto akaanza kujikuna, bibi akamwambia avumilie. Debe la tano Kulwa alikuwa anachungulia. La nane alikuwa ameingiza mkono hadi kwapani, anausawazisha mpunga ili uingie mwingi zaidi. Ziliingia debe kumi na mbili na nafasi ikabaki.

Bibi akanipa kamba ya katani nifunge mdomo. Akasogea karibu, akainama kutazama vidole vyangu.

"Fundo la mvuto mmoja," akasema. "Mimi ni mzee."

Nikafunga. Akauvuta uzi kuujaribu, ukafumuka wote.

"Funga tena."